Heko, Protini za Pua!

Wengine wawasifu majemadari na mabingwa wa soka. Mimi, ninayeandika haya leso ikiwa mkononi, nazisifu protini za pua yangu mwenyewe kwa ukarimu wake usio na mfano.

Ya kwanza ni ICAM-1. Kazi yake halali ni kusimama juu ya utando wa seli na kuzidaka seli nyeupe za damu zinapokwenda kupambana na maradhi. Sasa tazama moyo wake: kirusi cha mafua, rhinovirusi, ni fukara wa kutupwa, hakina hata mtambo wa kujitengenezea protini moja. ICAM-1 hukilaki na kukikaribisha ndani. Aina za rhinovirusi ni zaidi ya 160, na nyingi hupita mlango huohuo. Zilizobaki zina wenyeji wengine, kikiwamo kipokezi cha lehemu. Hakuna anayelala nje.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji haponi, lakini takrima haipungui. Mgeni akishaingia, PLA2G16 humsaidia kuvusha vinasaba vyake kabla mfumo wa usafi wa seli haujavinasa. SETD3, ambayo kazi yake halisi ni kuihudumia aktini, protini ya misuli, humsaidia kuongezeka. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao waliripoti kwamba panya wasio na SETD3 hawakuugua hata walipodungwa virusi vya ukoo huu. Panya wachoyo! Na lile jembe la siku ya tatu, mgeni huyu halingoji: mapema kabisa huikata eIF4G, protini ambayo seli huitegemea kusoma maagizo yake, na tangu hapo ribosomu za mwenyeji hulima shamba la mgeni. Seli hujibuje? Kadiri uvimbe unavyozidi, ndivyo inavyoongeza ICAM-1. Nyumba imevamiwa, mwenyeji anatoboa milango zaidi.

Sifa nyingine nazitaja haraka. Usawa: hazibagui kirusi kilichotoka kwa mkurugenzi na kilichotoka kwa mfagizi. Uadilifu: hazijawahi kudai posho ya kikao.

Lakini ukarimu gani huu, jamani? Pua imechubuka, kichwa kinagonga, usiku nalala nimeketi! Hata hivyo siwezi kuzigombeza protini, hazina macho. Mwenye macho ni bosi wetu. Alimwona mwenzetu akipiga chafya mfululizo, akamwambia, “Mafua tu hayo, kunywa tangawizi,” akamrudisha kazini. Pale mapokezi kuna daftari la mahudhurio na kalamu moja iliyofungwa kwa uzi. Rhinovirusi husafiri kwa mikono, na kila asubuhi ofisi nzima huishika kalamu ile, kisha hujikuna pua. Madirisha hayafunguliwi, eti ubaridi wa kiyoyozi utatoka. Anayebaki nyumbani bila cheti cha daktari hukatwa mshahara; basi anakuja, na sisi tunapokea.

Rhinovirusi haina chanjo wala dawa ya kuiponya. Wanasayansi wanahangaika kuifunga milango ya seli, na kazi yao ni ngumu. Ya ofisini haihitaji maabara. Bosi, mwenye mafua mpe ruhusa akalale, fungua madirisha, na kila mtu aje na kalamu yake.