Jinsi ya Kutengeneza Gemu Lisilotoka Kamwe

Watu wengi hudhani kwamba kushindwa kumaliza gemu ni jambo linalojitokea tu, mtu akashtukia miaka imepita na hana cha kuonyesha. Huko ni kuidharau kazi yetu. Gemu lisilokwisha linataka nidhamu. Linataka kukesha, kununua bando usiku wa manane, na zaidi ya yote linataka mtu anayeipenda kazi yake kiasi cha kutovumilia kuitazama. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake.

Tuseme unataka kutengeneza gemu la bao la kuchezwa kwenye simu. Wazo zuri, na hapo ndipo penye hatari. Mchezo upo tayari, wachezaji wapo, sheria hazihitaji kubuniwa. Ubao una mashimo 32, kete ni 64, na kila kitu kinahesabika. Mtu asipojiangalia, gemu la namna hii linaweza kumtoka mikononi likiwa limekamilika.

Kwa hiyo usianze na bao. Anza na nembo. Kabla kete moja haijasogea, tafuta jina la kampuni, chora nembo yake, badilisha rangi, kisha tengeneza ile sehemu ya ufunguzi ambamo nembo inachomoza polepole gizani huku ngoma zikilia. Ukitoka hapo ingia kwenye menyu. Menyu ni mahali pazuri sana pa kuzeekea: ina vitufe, kila kitufe kina kivuli, na kila kivuli lazima kielekee upande mmoja na wenzake. Weka na sehemu ya kupunguza sauti, hata kama gemu lenyewe bado ni bubu.

Halafu zije kete. Mvivu atachora kiduara, aseme kinatosha kumwonyesha kama kupanda na kula kunakwenda sawasawa. Wewe unajua kwamba kete ya kweli ni komwe, ya kijivu, yenye mng'ao, na hakuna komwe mbili zinazofanana. Chora 64 tofauti. Ukifika katikati mkono utakuwa umeshazoea, na zile za mwanzo zitaanza kukuchukiza. Zifute. Siri ya mzunguko huu ni kwamba unajifunza kadiri unavyofanya kazi, na kila unachojifunza leo kinageuka ushahidi dhidi ya ulichofanya jana. Wale wanaomaliza hukubali gemu litoke likionyesha mkono wao wa mwanzo na mkono wao wa mwisho, wala hawaoni haya. Watu wa ajabu sana.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, yaani kuanza upya. Gemu lililofika nusu lina mambo mengi ya kuudhi: msimbo ulioandikwa na usingizi, jina la faili usilokumbuka maana yake, na kosa linalotokea mara moja kila michezo kumi. Gemu ambalo halijaanza halina kosa hata moja. Basi tuseme kosa limejificha kwenye nyumba, lile shimo maalumu la ubaoni, pale mchezaji anapopewa hiari ya kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuendelea kupanda, na programu inalala hata ikiambiwa isafiri. Usilitafute. Kulitafuta ni saa nne za kuchosha. Kuanza upya kutakula miezi, lakini saa zake nne za kwanza ni tamu mno. Fungua folda nyingine, iite Bao Jipya. Kama Bao Jipya ipo tayari, iite Bao Jipya Kabisa.

Ukitaka kuanza upya kwa heshima, usiseme unaanza upya. Sema unahama injini, yaani programu ambayo gemu linajengwa juu yake. Septemba 2023 kampuni ya Unity, yenye injini ya jina hilohilo, ilitangaza tozo mpya iliyohesabiwa kwa kila mara gemu linaposakinishwa, na watengenezaji kote duniani wakawaka. Baadhi walihamia Godot, injini ya bure iliyozaliwa Argentina. Kuna waliohama baada ya kupiga hesabu zao, na hao walikuwa na haki. Lakini wapo pia waliohama wakiwa na menyu tu, bila mtu hata mmoja wa kusakinisha chochote, na hao ndio ndugu zetu. Mwaka uliofuata Unity ikaifuta tozo hiyo, jambo lililowapa sababu nzuri ya kurudi.

Kila fani ina mzee wake, na wa kwetu ni Duke Nukem Forever. Kampuni ya 3D Realms ya Texas ilitangaza gemu hilo mwaka 1997, ikitarajia kulitoa mwaka uliofuata. Badala yake, mwaka uliofuata walihama injini, kutoka ile ya Quake II kwenda Unreal, na sehemu kubwa ya kazi ikarudi mwanzo. Walipoulizwa lini litatoka, jibu lao likawa kwamba litatoka likiwa tayari. Ni jibu kamilifu; lihifadhi. Kiongozi wake, George Broussard, anasimuliwa kuwa kila alipoona gemu la wengine lenye jambo jipya, alitaka jambo hilo liwemo na kwake. Mwaka 2009 wafanyakazi wakaachishwa kazi, kampuni nyingine ya Texas, Gearbox, ikalichukua, na mwaka 2011 likatoka. Wahakiki walilipokea vibaya, na wengi walisema limeshapitwa na wakati.

Wanaoisimulia habari hiyo husahau jambo linalotuhusu zaidi. Duke Nukem 3D la mwaka 1996 lilikuwa limewaletea fedha nyingi, hivyo kwa miaka mingi hakukuwa na mtu wa nje mwenye nguvu ya kuwaambia basi, inatosha. Wewe huna fedha hizo, lakini una kitu kinachofanya kazi ileile: hakuna anayekungoja. Kilinde. Usimwambie mtu tarehe yoyote.

Mtu akikulaumu, mtajie Eric Barone. Huyo alikaa peke yake zaidi ya miaka minne akitengeneza Stardew Valley, gemu la shamba, huku akifanya kazi ya kuwaonyesha watu viti vyao kwenye ukumbi wa maonyesho huko Seattle, na michoro yake aliichora akairudia tena na tena. Mwaka 2016 gemu likatoka na kumpa utajiri. Mfano huu una kasoro moja, nayo isiwafikie wanaokulaumu: alichora upya ndani ya gemu lilelile. Shamba lilibaki shamba. Hakuamka siku moja akaamua kwamba sasa ni gemu la vita vya anga za juu.

Yapo pia mambo ya kuyakimbia. La kwanza ni mashindano ya kutengeneza gemu kwa muda mfupi, hasa Ludum Dare, ambamo anayeshindana peke yake hupewa saa 48 tu. Humo mtu anaweza kumaliza gemu bila kukusudia. Kimbia pia PICO-8, programu yenye skrini ndogo ya nukta 128 kwa 128 na rangi 16 tu. Ndani yake, mwaka 2015, watu wawili walitengeneza gemu dogo la kupanda mlima kwa siku nne. Waliporudi kulikuza likawa Celeste, lililotoka mwaka 2018 na kusifiwa kila mahali. Rangi zikiwa 16, mabishano kuhusu rangi yanakwisha mapema, na mtu anabaki na muda mwingi wa kufanya kazi.

Hatari kubwa kuliko zote iko barazani kwenyewe. Wazee wa bao walishaona kwamba mchezo kamili, wenye namua na mtaji (awamu ya kuingiza kete za akiba, na ile inayofuata zikiisha), wenye nyumba na akiba ya kete 22 kwa kila mchezaji, ni mzito kwa anayeanza. Wakawa na bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, zote ubaoni tangu mwanzo, mkaanza kucheza. Namua haipo, akiba haipo. Ukilifikiria jambo hili kwa muda mrefu utaliandika hilo kwanza, litafanya kazi, utalitoa, na lile zito litafuata baadaye likisimama juu yake. Basi usilifikirie. Na wazee usiwaulize, maana watakuambia.

Ikitokea bahati mbaya toleo lako baya, lile la viduara na ubao wa kahawia usio na kivuli, likaachwa wazi kwenye simu, mtoto wa dada yako atalifungua. Atacheza. Atakuja kukuuliza, "Mjomba, mbona halisemi nani ameshinda?" Usimjibu kwamba ni mistari michache tu ya msimbo ambayo bado hujaiandika. Mnyang'anye simu, mwambie hilo ni la majaribio, la kweli linakuja, lenye nembo. Akiomba acheze tena, badilisha neno la siri.