Mkoromo wa Baba Watoto

Kwa mama mkwe wangu, mwanamume anayekoroma ni mwanamume aliyeshiba. Kwa hesabu hiyo, mwanawe alikuwa ameshiba kuliko wanaume wote wa Tanga. Mkoromo wake ulivuka sebule, ukatoka uani, ukamfikia jirani, ambaye aliniuliza kwa adabu zote kama tumenunua jenereta.

Aliponiona nimehamia chumba cha watoto, mama mkwe akaingilia kati. Alichukua mpira wa tenisi wa wajukuu, akaushonea mgongoni mwa fulana ya mwanawe ili akilala chali umchome, ageuke. Haukuwa uganga: mtu akilala chali, ulimi na nyama laini za koo hurudi nyuma na kubana njia ya hewa. Usiku wa kwanza baba watoto alilala ubavu, kelele zikapungua, na bibi akatamba mtaa mzima. Usiku uliofuata aligeuka kwa nguvu, chaga zikavunjika, godoro likazama, na wajukuu wakaamka kudai mpira wao.

Tulimtandikia chini. Nikiwa nimekaa kando yake, mkoromo ukakatika ghafla. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, lakini hewa haiingii wala haitoki. Nikatazama saa ya simu: sekunde 10, zikafika 20, zikapita. Kisha akafurukuta, akakoroma kwa kishindo, akaendelea kulala.

"Si unaona, mwanangu? Usingizi umemkolea," mama mkwe alinong'ona mlangoni.

Kumbe muda wote tulikuwa tunapigana na kelele, na kelele ndiyo iliyokuwa ikitupa habari kwamba anapumua.

Mwenyewe alidai amelala fofofo. Lakini kichwa kilimuuma kila asubuhi, na alisinzia ndani ya kirikuu chake kwenye foleni ya mafuta mpaka akapigiwa honi. Jioni taarifa ya habari ilimkuta ameshalala, rimoti mkononi. Watoto waliichomoa kidole kwa kidole, wakaweka katuni.

Tukaenda Dar es Salaam kwa daktari wa masikio, pua na koo, mama mkwe akiwa msindikizaji. Presha ya baba watoto ilikuwa juu. Daktari akamzungushia futi shingoni, akaagiza alazwe usiku mmoja amefungwa vipimo. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa. Ikikatika mara 30 au zaidi kwa saa, tatizo ni kali. Baba watoto alivuka hapo. Kila inapokatika, ubongo humgutusha mtu avute hewa, naye hana habari; anakesha huku amefumba macho, na moyo unakesha naye. Akaandikiwa mashine ya kusukuma hewa puani ili koo lisijifunge, aina iliyobuniwa na Colin Sullivan huko Sydney, akaitangaza mwaka 1981.

Tulipokuwa tunaaga, daktari akamtazama kitinda mimba wetu, aliyelala mapajani kwa bibi yake, mdomo wazi.

"Na huyu, anakojoa kitandani?"

Mama mkwe alishtuka kama aliyefichuliwa siri ya ukoo. Godoro la mtoto lilikuwa likianikwa kila asubuhi, na kila asubuhi alifokewa. Shuleni mwalimu alilalamika kwamba hatulii. Daktari akamulika koo: mafindo makubwa yamekaribia kugusana, na nyama za puani zimevimba. Mtoto asiyepata hewa usiku mara nyingi hasinzii mchana kama mtu mzima. Huwa mtundu, hasikii la mtu. Naye hakuwa na mkoromo wa kuamsha jirani, basi hakuna aliyemsikiliza.

Alifanyiwa upasuaji, na baada ya muda godoro likaacha kwenda uani. Mashine nayo ilipowashwa mara ya kwanza, mama mkwe alimwona mwanawe na mpira wa hewa puani, akamsomea Ayatul Kursi.

Siku hizi wajukuu wana mashtaka mapya kwa bibi yao. Baba hasinzii tena. Anasikiliza taarifa ya habari mpaka utabiri wa hali ya hewa, anaishika rimoti yake barabara, kisha anataka kuona madaftari.