Theluji ya Luvungi

Nani kasema Luvungi ni joto? Nje, bonde la Ruzizi linachemka mpaka mbuzi wanagombea kivuli na wazee. Lakini ingia kibanda cha fotokopi: theluji inaanguka, tena bila kukoma. Inaangukia ndani ya kompyuta.

Kiprogramu chenyewe ni Xsnow. Rick Jansen alikitunga mwaka 1984, kiwe kama kadi ya salamu kwenye Macintosh. Theluji inarundikana juu ya madirisha ya kioo, Baba Krismasi anapita na kulungu wake, na kazi nyingine hakina. Hata ofisini tunao wa namna hiyo, ila wao hulipwa.

Mto Ruzizi unazungusha mitambo ya umeme kule juu, sisi huku tunazungusha jenereta. Nilimletea kijana wa kibanda karatasi moja tu.

"Papa, utarudi kesho. Esansi imeisha."

"Imeishia wapi, kijana wangu, na sijaona mteja?"

Akatazama kioo kilichozimika, akanyamaza. Basi nikafunga vifungo vya koti, nikatoka juani polepole. Mtu akitoka kwenye baridi kali namna ile, mafua hayachezewi.