Mwanamke wa Ndani ya Dashibodi

Gari la Baba Salma lilipotoka bandarini lilikuja na mwanamke. Kila likiwashwa, sauti nyororo ya Kijapani ilitamka sentensi moja, kisha kimya. Redio nayo ilikuwa mikwaruzo mitupu, maana FM ya Japani huishia 95 na stesheni tunazozisikiliza sisi ziko juu ya hapo. Basi tukawa tunatembea na yeye tu.

Mama mkwe hakumpenda tangu mwanzo. "Mwanangu, huyo anakudai nini? Gari hilo likasomewe dua." Fundi wa mtaani akasema ni oili. Oili ikamwagwa, ikatiwa mpya, mwanamke akarudia yale yale.

Ndipo Salma akaleta simu. Programu za bure za kutafsiri ziko tele, ya Google ina Kiswahili tangu 2009, na watoto wa sekondari wanazitumia kama kikokotoo. Akaisogeza kwenye dashibodi, baba yake akawasha. Papo hapo muuza mihogo akapita na spika yake. Programu ikaandika habari za mwezi na mlango wa samaki. Mama mkwe akanitazama kwa jicho la "si nilisema?"

Wakapandisha vioo, wakazima feni, wakarudia. Safari hii ikatoka safi: kadi haijaingizwa.

Balaa likaanzia hapo, maana tafsiri ilikuwa sahihi. Baba Salma akapapasa chini ya usukani, akakuta kisanduku cheusi chenye mwanya mwembamba.

"Baba Salma, kadi gani lakini?"

"Mama Salma, kadi ni kadi."

Akachomeka ya benki. Tarehe 28, mshahara umeingia asubuhi ile.

Mwanamke akabadili maneno. Salma akasogeza simu: kadi hii haiwezi kutumika. Kuichomoa, haichomoki.

Kisanduku kile ni cha ETC, mfumo ulioanza Japani mwaka 2001 wa kulipia barabara za mwendo kasi bila kusimama kwenye kizuizi. Dar hakina kazi yoyote. Programu iliyajua maneno; haikujua kwamba gari limeshahama nchi, wala haikuwa kazi yake kuuliza. Lakini herufi ETC zilikuwa zimeandikwa wazi usoni pa kisanduku. Mtu angezitafuta mtandaoni, angepata jibu na picha juu.

Fundi umeme aliitoa kadi kwa bisibisi. Ilikuwa imechubuka penye chipu, na ATM haikuisoma tena. Benki wakatoza ada ya kadi mpya, na wiki ile tulikula kwa mkopo wa dukani. Baba Salma hadi leo anasema programu ile ni feki. Si feki.

Nawe ukiagiza gari Japani likaanza kukusemesha, mwambie fundi umeme achomoe waya wa kisanduku cha ETC. Ni kazi ndogo. Kadi ya benki iache kwenye pochi.