Barua ya Wazi kwa Katibu Mkuu Utumishi: Naomba Bei ya Serikali

Katibu Mkuu,
Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: MAOMBI YA KUTAMBULIWA KUWA MSAFIRI WA SERIKALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Katibu Mkuu, mwangaluka. Mimi ni mkulima wa pamba wa Kimali, mkoani Simiyu. Sina cheo, sina cheki namba, na jina langu halijawahi kuonekana kwenye orodha ya malipo ya semina yoyote. Hata hivyo nimesafiri kwa shughuli za serikali miaka mingi, kwa nauli yangu mwenyewe, na naona wakati umefika tuwekane sawa.

Kwanza nishukuru. Julai 2022 mlipandisha posho ya kujikimu kwa safari za ndani: kiwango cha juu kikatoka Sh120,000 kwa usiku hadi Sh250,000, na cha chini kikatoka Sh80,000 hadi Sh100,000. Huku kwetu hatuna wivu, ila tumezoea kupima kila kitu kwa kilo. Msimu wa 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa Sh1,200 kwa kilo, na wapo waliokaa miezi wakiisubiri hela hiyo. Kwa bei ile, usiku mmoja wa mkubwa ni zaidi ya kilo 200 za pamba. Kulima, kupalilia, kupiga dawa, kuchuma, kubeba hadi kwenye mzani wenye mambo yake: vyote hivyo sawa na kulala mara moja. Tunakubali yaishe. Usingizi wa serikali nao ni zao la biashara.

Shida yangu inaanzia mapokezi. Bariadi inawajua wageni wa posho. Simiyu ilipofanywa mkoa mwaka 2012 zilikuja ofisi, na gesti zikazifuata. Nane Nane ya kitaifa ilipofanyika Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020, msafara wa serikali ukawa mgeni wa kila mwaka. Sasa kuna gesti moja ninayofikia, bei imebandikwa ukutani kwa selotepu: chumba Sh25,000. Mara ya mwisho mbele yangu alisimama kijana mmoja, kitambulisho shingoni, begi la kompyuta begani. Ukuta hakuusoma. Aliegemea kaunta akauliza, "Dada, sisi wa serikali mnatufanyiaje?" Dada akacheka kidogo: elfu kumi na nane. Zamu yangu ilipofika, akanisogezea daftari la wageni. Jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, kazi. Nikaandika mkulima. Akasoma, akanitazama kwa huruma. "Baba, wewe ni ishirini na tano."

Dada simlaumu, anatafuta riziki. Kilichoninyima usingizi ni zile elfu saba: zimeenda wapi? Marekani nako hoteli zina bei ya serikali. Idara yao iitwayo GSA hupanga ukomo wa bei ya chumba kwa kila eneo. Mtumishi akishalala huleta risiti, akarudishiwa alicholipa, mradi hakijavuka ukomo. Hoteli ikipunguza, inayopona ni hazina yao. Sisi tuna utaratibu wa kiungwana zaidi. Mtumishi hupewa fungu lake la usiku zima zima, kitanda na chakula humo humo, na kama amelala kwa laki au kwa elfu kumi na nane, hiyo ni siri yake na shuka. Kwa hiyo bei ya serikali inamnufaisha kila mwenye kitambulisho, isipokuwa serikali.

Nami nilifuata nini mjini? Karatasi moja ya shamba, kwenye ofisi ambayo sitaitaja kwa sababu bado naihitaji. Asubuhi niliambiwa mwenye kusaini amesafiri, yuko Dodoma kwenye kikao kazi, nirudi Jumatatu. Piga hesabu, Ndugu Katibu Mkuu. Usiku ule watu wawili tulilala nje ya nyumba zetu kwa ajili ya karatasi moja. Mmoja alilipwa kwa kuwa hayupo, mwingine alilipa kwa kuwa yupo.

Mtasema mwananchi anayefuata huduma hayuko kazini. Basi kwa nini mlinzi aliniandika mlangoni? Taarifa ya robo mwaka itasema wananchi kadhaa walifika na kuhudumiwa, nami nimo, tena nitaongezeka kila ninaporudi. Bila mimi ukurasa ule ungebaki mweupe.

Kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo:

1. Kila "njoo Jumatatu" igongwe muhuri na ihesabiwe safari ya kikazi, kwa kiwango cha chini tu. Sisi si watu wa makuu.

2. Afisa akisafiri bila kukaimisha mtu, posho yake ya usiku wa kwanza igawanywe kwa waliomkosa mlangoni.

3. Kama Hazina imekauka, basi turuhusiwe kuuliza swali la yule kijana pale kaunta, na kitambulisho cha Taifa kitoshe. Anayesafiri kukifuata kitambulisho hicho hicho naye asamehewe.

4. Mkiona maombi haya ni mazito, fanyeni jepesi: karatasi isainiwe siku niliyofika. Nitalala Kimali, na gesti ibaki na watu wake.

Jibu likiwa tayari, tafadhali msiniite Dodoma kulichukua. Mpeni afisa alilete. Alale Bariadi siku mbili tatu, atapata punguzo.

Kazi iendelee.

Wako mtiifu,
Mkulima wa pamba,
Kimali, Simiyu.

Nakala:
Mwenye gesti, Bariadi: kwa taarifa.
Mama watoto, Afisa Masuuli wa kaya: aliyeidhinisha safari hii kwa hela ya mbuzi, na ambaye, tofauti na ofisi yako, anadai risiti ya kitanda.