Sifa za Ndege ya Kitambaa

Hapa Gihosha, mtaa wa vilima mjini Bujumbura, ndege zikishuka kuelekea uwanjani hakuna anayeinua shingo isipokuwa watoto. Basi niruhusuni nimsifu mzee wa ndege hizo asiyesifiwa na mtu: Dragon Rapide, ndege ya Kiingereza iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1934, mabawa yake ya ghorofa, mifupa ya mbao, ngozi ya kitambaa kilichopakwa rangi.

Wanaoiita dhaifu hawaijui adabu yake. Injini zake 2 zilikuwa na nguvu ya farasi 200 kila moja, abiria 6 hadi 8 tu, kwa hiyo uzito ulikuwa na maana zaidi kuliko cheo. Ni chombo gani kingine cha wakoloni kilichojali kitambi cha bwana mkubwa kabla ya jina lake? (Mwananchi wa kawaida, ukweli usemwe, hakuwa na nauli ya kukifikia kiti.) Ikiwa chini iliketi mkia chini, pua juu, hata abiria akapanda mlima ndani ya ndege. Mtu wa Gihosha, aliyezoea kupanda vilima, angejisikia nyumbani. Rubani alikaa peke yake puani, hana wa kubishana naye. Na kwa kelele za injini zile, hata msemaji wa baraza alinyamaza.

Inakwenda polepole? Kilomita 210 hivi kwa saa. Tena ilikuwa mbio ukilinganisha na Handley Page ya Mbelgiji Thieffry, yenye mabawa ya ghorofa vilevile, iliyotoka Brussels kwenda Léopoldville mwaka 1925 ikatumia siku 51. Nani leo anauziwa safari ndefu hivyo kwa tiketi moja?

Abiria bora wa ndege hizi lilikuwa gunia la barua: halitapiki, halilalamiki. Bi Florence Kerr Wilson alilijua hilo. Alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, na baadaye ndege zake zikawa zinapokea barua zilizoletwa na Imperial Airways kutoka London, zikazifikisha Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Vita vya 1939 vikaifunga kampuni, ndege zikaingia jeshini.

Mbao na kitambaa havikustaafu. East African Airways ilipoanza kazi mwaka 1946, ilianza na Rapide 6. Ukiikuta moja katika jumba la makumbusho, isalimie kwa heshima, lakini tafadhali usiegemee bawa.