Shangazi wa Herufi

*Shangazi, shikamoo. Nafungua mgahawa wa pilau hapa Tanga. Kijana wa steshenari amenitengenezea bango kwa herufi nono ziitwazo Cooper Black. Mume wangu anasema zimevimba na wateja watatudharau. Nifanyeje?*
Mama Pilau

Marahaba, mwanangu. Mumeo msikilize kwenye mambo ya kodi ya pango, bango liache. Herufi hizo zilichorwa na Oswald Cooper wa Chicago, na mwaka 1922 kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler kikazisubu kwa risasi na kuziuza kwa wachapaji wa matangazo. Unene huo aliukusudia. Kingo zote zimeviringwa, hata nyayo za herufi hazina ncha, na tundu la O limeegemea nyuma kidogo, ndiyo maana neno zima huonekana linacheka. Abiria wa bodaboda atalisoma bila kupunguza mwendo.

Ila kijana nimemjua hata bila kumwona: ameweka kila kitu kwa herufi kubwa tupu, sivyo? Mwambie aandike P kubwa, zinazofuata ziwe ndogo, maana haiba ya Cooper Black imo kwenye a na g. Jina la mgahawa liachiwe nafasi ya kupumua pande zote. Bei, namba za simu na “tunapokea oda za shughuli” viende kwenye herufi nyembamba zisizo na madoido.

*Shangazi, nilichapa ratiba ya mazishi ya babu kwa Cooper Black ili wazee wasomeke kwa urahisi. Wamenuna wote.*
Mjukuu, Voi

Poleni kwa msiba. Nia yako njema, na bila shaka ulimaanisha wazee wasome, si wasomeke. Lakini herufi hii ilipamba jalada la santuri ya Pet Sounds ya Beach Boys mwaka 1966, na leo imeandikwa ubavuni mwa ndege za easyJet, nyeupe na rangi ya machungwa. Kazi yake ni kuchangamsha watu. Isitoshe, ukiipunguza itoshe kwenye ratiba, vitundu vya e na a huzibwa na wino, na mzee mwenye miwani haoni kitu. Ukitaka wasome, ongeza ukubwa wa herufi ya kawaida, usiongeze unene.

*Shangazi, mchumba wangu ni mbunifu wa matangazo. Barua ya posa ameiandika yote kwa Cooper Black, aya nne. Baba ameuliza kama ni tangazo la sabuni.*
Bi Harusi Mtarajiwa, Morogoro

Baba yako ana jicho. Posa ikubaliwe, barua irudishwe. Aiandike upya kwa mkono, mshenga aipeleke tena na bahasha nzito zaidi. Cooper Black aitunze kwa fulana za kamati ya harusi.